Beikoni haitaki haraka: kuikaanga, kuioka, kuisuka na kuitengeneza mwenyewe

Beikoni, yaani nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kukatwa slesi, mara nyingi huharibika katika dakika tatu za kwanza. Kikaangio kimepashwa mpaka kinafuka, slesi zinatupwa zote kwa mpigo, zinajikunja, kingo zinaungua na huku katikati mafuta bado meupe, yanavutika mdomoni. Lawama huenda kwa pakiti, ilhali pakiti haina kosa. Slesi ya beikoni ya tumbo ni mafuta kwa sehemu kubwa, na mafuta yanataka muda wa kuyeyuka kabla nyama haijakauka. Shika hilo moja na mapishi yote yaliyo hapa chini yatakunyookea: ya kikaangio, ya oveni, ya kufungia tende, hata kutengeneza beikoni yako kwa nyama ya buchani.

Kama jiko ni la watu wengi na wamo Waislamu, Wasabato au wengine wasiokula nguruwe, tenga kikaangio, koleo, kibao na chupa ya mafuta vya beikoni peke yake na uvitie alama. Mafuta haya hupenya kibao cha mbao na hayatoki kwa kuoshwa. Ni adabu ndogo inayookoa ujirani.

Kuchagua

Madukani kuna aina mbili kubwa. Ile ya tumbo, ambayo pakiti huiita "streaky", ina mistari ya nyama na mafuta inayopishana urefu mzima. Ile ya mgongo, "back", ni kipande cha mnofu chenye ukanda wa mafuta pembeni. Mmarekani akitaja beikoni katika maelezo ya upishi ana maana ya tumbo. Mwingereza mara nyingi ana maana ya mgongo. Ukizibadilisha bila kujua, pishi litakushinda. Ya mgongo haina mafuta ya kutosha kujikaanga, inaiva kwa dakika 5 au 6 kwa moto wa wastani, na utamu wake ni ikiwa laini kwenye mkate na yai. Mengine yote humu ni ya tumbo.

Tazama pakiti kwenye mwanga. Nusu nyama na nusu mafuta ndiyo nzuri. Ikizidi nyama itakauka, ikizidi mafuta utabaki na utepe mwembamba. Kisha soma viambato. Viwanda vingi hudunga maji ya chumvi ndani ya nyama kwa sindano ili chumvi ienee haraka, na maji hayo hutoka kikaangioni yakiacha povu jeupe zito linaloganda. Povu hilo ni protini ya nyama, halina madhara, lakini linachelewesha beikoni kuwa kavu na linaifanya ijichemshe kabla ya kujikaanga. Ukipata iliyotiwa chumvi kavu bila maji, lipa tofauti ya bei. Inastahili.

Slesi za milimita 2 zafaa kukaangwa hadi zivunjike na kufungia vitu. Za milimita 4 zafaa kupakwa sukari, kubanikwa na kukatwa vipande vya kutia kwenye mchuzi. Kama ngozi haijaondolewa, ikate kwa mkasi au uichanje kila sentimita 2, maana hujivuta mapema kuliko nyama na kukunja slesi nzima.

Kikaangio baridi

Kikaangio kizito cha chuma ndicho bora kwa sababu kinashika joto sawasawa. Chembamba cha bati huunguza mahali moto unapogusa.

Panga slesi kwenye kikaangio kikiwa baridi kabisa. Zikae bega kwa bega bila kupandana. Usitie mafuta. Sasa washa moto mdogo, ukizidi uwe wa wastani wa chini, na usubiri. Dakika ya tatu au ya nne mafuta huanza kutoka, yakiwa angavu. Geuza kwa koleo kila baada ya dakika mbili hivi. Slesi inayojikunja ibonyeze kidogo kwa mgongo wa koleo.

Hapa tumia masikio. Mwanzo beikoni hupiga kelele na kurusha matone, kwa sababu maji yaliyomo yanachemka na kupasuka ndani ya mafuta. Kelele hiyo ikipungua na juu ya mafuta yakatanda mapovu madogo meupe ya kama sabuni, maji yamekwisha na nyama inaanza kupata rangi. Kuanzia hapo una dakika moja, pengine moja na nusu. Usiondoke kwenda kufungua mlango wala kujibu simu. Iepue ikiwa bado inapinda kidogo, maana itaendelea kukakamaa ikipoa. Ukiisubiri iwe ngumu ikiwa kikaangioni, mezani itakuwa chungu. Iweke kwenye karatasi ya jikoni, safu moja, usiifunike. Ukiifunika mvuke huirudisha ulaini.

Kazi yote huchukua dakika 10 hadi 12. Gramu 200 mbichi hubaki kama gramu 65, na chini kikaangioni unapata vijiko viwili au vitatu vya chakula vya mafuta. Panga kiasi cha watu kwa hesabu hiyo.

Kwa vipande vinene, au beikoni iliyodungwa maji mengi, kuna njia inayoonekana ya kinyume lakini inafanya kazi: mimina maji ya baridi robo kikombe, yafunike tu chini ya kikaangio, kisha uwashe moto wa wastani. Maji hayaruhusu joto kupita kiwango cha kuchemka, kwa hiyo mafuta yanayeyuka pole pole bila nyama kuungua. Yakikauka, punguza moto umalizie. Nyama hubaki laini ndani na matone hayaruki sana.

Oveni, mkaa, na vifaa vingine

Ukipikia watu zaidi ya wanne, acha kikaangio. Tandaza karatasi ya kuokea kwenye trei yenye kingo, kwa sababu trei bapa itamwaga mafuta chini ya oveni na yatashika moto. Panga slesi, oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi. Nyembamba huiva kwa dakika 14 hadi 18, nene 20 hadi 25. Igeuze trei mbele nyuma katikati ya muda, maana oveni nyingi zina upande wenye moto zaidi. Slesi zikilala kwenye trei hujikaanga katika mafuta yake na kuiva sawa. Zikiwekwa juu ya waya huwa kavu zaidi na bapa. Binafsi tungechagua trei.

Jiko la mkaa linafaa kabisa, ila kwa kikaangio juu yake. Subiri makaa yavae majivu meupe, ufunge mlango wa hewa wa jiko karibu wote. Usiiweke beikoni ya tumbo moja kwa moja juu ya wavu: mafuta yanadondokea makaa, ndimi za moto zinapanda, na masizi yanaipa nyama uchungu usiotoka. Ya mgongo inaweza kubanikwa kwenye wavu, pembeni, pasipo makaa chini yake.

Kikaangio cha hewa (air fryer) huivisha beikoni kwa nyuzi 180, dakika 8 hadi 10. Tia vijiko viwili vya maji kwenye chombo cha chini, la sivyo mafuta yaliyodondoka yatafuka moshi.

Mafuta yakishika moto popote pale, zima gesi, funika kwa mfuniko, acha hapo hapo. Usimwage maji kamwe. Yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka.

Mafuta yasimwagwe

Haya ndiyo mavuno ya kupika taratibu. Yaache yapoe kidogo, yachuje kwa kitambaa safi au chujio lenye matundu madogo, uyatie kwenye chupa ya kioo kavu yenye mfuniko. Makombo ya nyama yakibaki ndani ndiyo yanayochachua. Yakiwa safi hukaa friji miezi mitatu. Rangi yake ikiganda iwe nyeupe ya maziwa. Ikiwa ya kahawia, ulipika kwa moto mkali na mafuta yatakuwa na uchungu.

Kumbuka yana chumvi, na huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 190, kwa hiyo hayafai kukaangia chipsi za mafuta mengi. Yanachofanya vizuri kuliko mafuta yoyote ya dukani ni kukaanga mboga. Kijiko kimoja na nusu, kitunguu kimoja hadi kilainike, kisha sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, dakika tatu kwa moto mkali, ndimu kidogo mwisho. Chumvi ionje kwanza kabla ya kuongeza. Kunde na maharage yaliyochemshwa hukubali kijiko hicho hicho. Bisi pia: nusu mafuta ya beikoni, nusu ya alizeti, ili yasifuke kabla mahindi hayajapasuka.

Tende zilizofungwa beikoni

Waingereza hufunga plamu kavu. Kwa mwambao wa Afrika Mashariki tende ndizo zilizo karibu, na ni tamu zaidi kwa kazi hii. Chukua tende 20 laini, toa kokwa kwa kupasua upande mmoja, tia korosho nzima moja au lozi. Kata slesi 10 nyembamba nusu kwa nusu. Zungusha kila nusu mara moja tu, mwisho upandane sentimita moja, na uilaze tende ikikalia huo mwisho. Usipozungusha mara mbili utanishukuru: tabaka la ndani halipati joto na hubaki bichi, laini, la kuteleza. Kijiti cha meno kikihitajika, kiloweke maji nusu saa.

Oka kwa nyuzi 190 kwa dakika 20 hadi 25, ukigeuza mara moja dakika ya 12. Kama sukari ya tende imevuja na kuanza kuwa nyeusi kwenye trei, tende zilikuwa mbivu mno au mpasuo ulitazama chini. Zisubiri dakika tano kabla ya kula. Ndani huwa na joto kali kuliko nje.

Ndizi mbivu hufungwa vivyo hivyo, vipande vya sentimita 3. Chagua ya njano iliyokaza, yenye madoa machache. Ikiwa imeiva hadi nyeusi itayeyuka kabla beikoni haijaiva.

Beikoni ya sukari guru

Tumia slesi nene, gramu 300. Kwaruza sukari guru gramu 60, changanya na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga na robo kijiko cha pilipili ya unga. Funika trei kwa foili, weka waya juu yake, panga slesi, nyunyiza nusu ya sukari uibonyeze kwa vidole.

Joto lishuke hadi nyuzi 175. Sukari huungua haraka, na ukiiacha kwenye 200 itakuwa nyeusi kabla mafuta hayajayeyuka. Baada ya dakika 15 geuza, nyunyiza iliyobaki, rudisha kwa dakika 12 hadi 18 zaidi. Iko tayari ikiwa nyekundu ya kahawia na sukari inachemka kwa mapovu mazito. Itoe kwenye waya ikiwa bado moto, uilaze kwenye karatasi ya kuokea. Ukiilaza kwenye karatasi ya jikoni itagandana nayo na hutaweza kuitenganisha. Ikipoa dakika 10 inavunjika kwa mlio.

Jemu ya beikoni

Hili ndilo pishi linalomfanya mgeni aulize umefanya nini. Viambato: beikoni gramu 500 iliyokatwa vipande vya sentimita 1, vitunguu maji gramu 500 vilivyokatwa vyembamba, punje 4 za kitunguu saumu, sukari guru gramu 100, kahawa nyeusi nzito mililita 120, siki ya tufaha mililita 80, pilipili manga.

Anza beikoni katika sufuria baridi, moto mdogo, dakika 15. Usingoje iwe kavu. Iache pale mafuta yametoka na nyama bado inapinda, kwa sababu iliyokauka hugeuka changarawe ndani ya jemu. Itoe kwa kijiko cha matundu, bakiza vijiko viwili vya mafuta, mengine yaende kwenye chupa.

Vitunguu vinataka dakika 20 hadi 25 kwa moto mdogo mpaka viwe vya kahawia na vimenywea. Hapa ndipo watu hukata njia, na jemu hutoka na ladha ya kitunguu kibichi. Tia kitunguu saumu dakika moja, kisha sukari, kahawa na siki, ukikwangua chini ya sufuria kwa mwiko. Rudisha beikoni, acha ichemke polepole dakika 30 hadi 40 bila mfuniko. Pitisha mwiko chini: ikiacha njia inayojifunga taratibu, epua. Siki ionje mwisho. Jemu iliyo tamu tupu huchosha kinywa, ongeza kijiko kimoja.

Ihifadhi friji, si zaidi ya wiki mbili, au igandishe. Usiifunge kwenye chupa na kuiweka kabatini kama jemu ya matunda. Nyama na mafuta ndani ya chupa isiyo na hewa, kwenye joto la kawaida, ni makao ya vijidudu vya botulinamu, na sumu yake haina harufu. Ipashe kidogo kabla ya kula ili mafuta yayeyuke, uipake kwenye chapati, mkate wa kuchoma au viazi vitamu vya kuchemsha.

Mkeka

Chukua slesi 12 nyembamba. Laza sita wima zikigusana kwenye karatasi ya kuokea. Kunja ya pili, ya nne na ya sita nusu kuelekea juu, laza slesi moja kwa upana, zirudishe. Sasa kunja ya kwanza, ya tatu na ya tano, laza nyingine, zirudishe. Endelea mpaka sita za upana ziishe. Suka kwa kubana, kwani kila slesi hujivuta na mianya huongezeka.

Mkeka ukiokwa peke yake, weka waya juu yake ubaki bapa, nyuzi 200 kwa dakika 25 hadi 30: sandwichi nzima inapata beikoni kila mahali. Ukitaka kufungia, tandaza juu yake nyama ya kusaga iliyokolezwa gramu 600, isizidi unene wa sentimita 1 na nusu, viringisha kwa karatasi, mshono chini, oka kwa nyuzi 180 kwa saa moja au mpaka kipimajoto kisome 71 katikati. Dakika 10 za mwisho pandisha hadi 220 ili nje ikauke. Minofu ya kifua cha kuku hufaidi zaidi mkeka huu, kwa sababu ni mikavu na mafuta ya beikoni huilainisha; kuku asome 74.

Matoke na rolex

Kwa matoke ya watu wanne: beikoni gramu 150 iliyokatwa vipande, ndizi mbichi 8, kitunguu, nyanya mbili, maji vikombe viwili. Kaanga beikoni kwa kuanzia baridi, toa nusu yake ikiwa kavu uiweke pembeni. Katika mafuta na nusu iliyobaki pika kitunguu, kisha nyanya mpaka zipondeke, tia ndizi na maji, funika kwa dakika 20 hadi 25. Beikoni iliyochemshwa hupoteza ukavu wake wote lakini huacha ladha ndani ya ndizi. Ile uliyotenga unainyunyiza mwisho, na kila kijiko kinapata vyote viwili. Chumvi usiiguse mpaka ndizi zimeiva, kisha uonje. Mara nyingi haihitajiki.

Rolex ya Uganda, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, inapokea beikoni bila kubadilishwa. Kaanga slesi tatu, bakiza kijiko kimoja cha mafuta, mimina mayai mawili yaliyopigwa na kabichi na nyanya iliyotolewa maji. Kabla yai halijakauka juu laza chapati, geuza, panga beikoni, viringisha. Nyanya yenye maji ndiyo inayoharibu.

Kutengeneza beikoni nyumbani

Unahitaji mizani inayosoma gramu, ikiwezekana nyingine ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, mfuko imara wa plastiki na friji inayoshika nyuzi 0 hadi 4. Bila friji ya kuaminika, usianze.

Buchani mwonyeshe muuzaji kwa kidole: nyama bapa iliyo chini ya mbavu, isiyo na mfupa, unene wa sentimita 3 hadi 4. Ya nguruwe mdogo huwa nyembamba mno, ikitiwa chumvi inakuwa ukanda mkavu. Nunua iliyopigwa mhuri wa ukaguzi. Ikatazame pia mwenyewe: vijivimbe vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo ndani ya mnofu ni mabuu ya tegu la nguruwe. Nyama hiyo haiokolewi kwa chumvi. Iache na umwambie mkaguzi wa mifugo.

Kwa kila kilo moja ya nyama: chumvi ya kawaida isiyo na vipande vikubwa gramu 25, sukari gramu 12, na chumvi ya nitriti gramu 2.5. Hii ya mwisho ni ile ya pinki inayouzwa kwa watengeneza soseji, yenye asilimia 6.25 ya nitriti ya sodiamu. Ndiyo inayoipa beikoni rangi nyekundu, ladha yake ya kipekee, na kinga dhidi ya botulinamu wakati wa kufukizwa moshi. Kwa kipimo hicho nyama inapata miligramu 156 za nitriti kwa kilo, kiwango cha kawaida cha nyama za namna hii. Ipime kwa mizani, si kwa kijiko, na uiweke mbali na watoto na mbali na chumvi ya chakula. Ikizidi ni sumu. Angalia asilimia kwenye pakiti, maana Ulaya huuzwa aina nyingine yenye kiasi kidogo cha nitriti kuliko hii na vipimo vyake ni tofauti kabisa.

Sugua mchanganyiko wote pande zote, hata unaodondoka urudishe mfukoni. Toa hewa, funga, laza friji. Kila siku geuza. Maji yatatoka siku ya pili. Yaache humo humo, ndiyo yanayobeba chumvi ndani. Siku 7 zatosha kwa sentimita 3, siku 9 kwa sentimita 4 hadi 5. Kwa kuwa chumvi imepimwa kwa uzito, siku mbili za ziada haziizidishi. Nyama ikiwa imekaza ukiibonyeza katikati kama ilivyokaza pembeni, imeiva chumvi. Kipande ukikikata kikiwa cha kijivu ndani, chumvi haijafika: rudisha mfukoni kwa siku mbili.

Suuza kwa maji baridi, kausha kwa karatasi, kata kipande kidogo ukikaange uonje. Ikizidi chumvi, loweka nyama yote saa moja. Kisha iache wazi kwenye friji juu ya waya usiku kucha, mpaka uso uwe mkavu na wa kunata kidogo. Moshi hushika kwenye uso huo. Kwenye uso mbichi hugeuka majimaji ya kahawia yenye uchungu.

Kwa moshi, tumia jiko la mfuniko. Makaa upande mmoja, nyama upande wa pili, bakuli la maji chini yake. Tupia makaa vipande vikavu vya mti wa mpera, mwembe au mbuni, konzi moja kila nusu saa. Msonobari na mkaratusi usitumie, utomvu wake unaacha ladha ya dawa. Mbao zenye rangi au gundi ni hatari. Shika nyuzi 90 hadi 110 mpaka ndani ya nyama isome 65, yapata saa mbili hadi tatu. Moshi mwembamba wa samawati ndio unaoutaka. Ukiwa mweupe mzito, fungua hewa. Asiye na jiko la mfuniko aoke kwenye oveni kwa nyuzi 95 hadi kiwango hicho hicho. Atakosa moshi tu.

Toa ngozi wakati nyama bado ina moto, itachunika kwa kisu kwa urahisi. Poza friji usiku mzima kabla ya kukata. Ikiwa baridi sana, hata nusu saa friza, kisu kinapita milimita 3 bila shida. Ikiwa vuguvugu inachanika.

Unaweza kuacha nitriti. Utapata nyama ya chumvi ya kijivu, tamu kwa namna yake, ya kuliwa ndani ya siku 5, na hiyo usiifukize moshi kwa saa nyingi.

Kiasi na kuhifadhi

Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliziweka nyama zilizosindikwa, beikoni ikiwamo, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Gramu 50 kila siku zilihusishwa na ongezeko la hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Beikoni iliyounguzwa hadi nyeusi huwa na nitrosamini nyingi zaidi, kemikali zinazoweza kusababisha saratani, sababu nyingine ya kupenda moto mdogo. Ifanye kiungo na kitu cha siku maalumu.

Pakiti iliyofunguliwa hukaa friji siku 7 ikifungwa isipate hewa. Friza, panga slesi kwenye karatasi ya kuokea bila kugusana, viringisha, uweze kutoa mbili au tatu kwa wakati. Baada ya mwezi mmoja mafuta huanza kuchacha hata kwenye barafu, kwani chumvi huharakisha. Mng'ao wa rangi za upinde wa mvua kwenye nyama iliyokatwa ni mwanga tu. Ukijani wenye ute, harufu ya uchachu, au slesi zinazoteleza zikiacha nyuzi kati ya vidole: tupa, usijaribu kuikaanga ili kuona.